Baba ana moyo mkubwa na damu yake ni 8.9. Mbona hawataki kumwongeza damu?

BintiUmoja aliuliza:

Habari zenu wana jukwaa. Naombeni mnisaidie kuelewa jambo, maana kwenye grupu letu la familia kumechafuka na mimi ndiye ninayeishi na mgonjwa.

Baba ana miaka 67. Amekuwa fundi wa bodi za magari kule Grogan, Nairobi, tangu nikiwa mtoto, yaani kunyoosha mabati na kupiga rangi, na alikuwa mtu wa kubeba mlango wa gari peke yake bila kuita kijana. Mwaka jana miguu ikaanza kuvimba, usiku halali bila kuegemea mito, na akipanda ngazi za ploti yetu (tuko orofa ya tatu) anasimama kila kona akijifanya anasoma matangazo ya ukutani. Eko, kile kipimo cha picha ya moyo, ikaonyesha moyo umepanuka na unasukuma asilimia 30 tu ya damu iliyomo kila unapopiga. Amewekwa kwenye dawa ya kutoa maji mwilini, za presha, na nyingine ambazo nimeziandika kwenye kitabu cha kliniki.

Sasa kliniki iliyopita wamepima damu, HB (yaani hemoglobini, kile kinachobeba oksijeni kwenye damu) ikatoka 8.9. Shangazi yangu akasikia hiyo namba, basi hakukaliki. Anasema mtu wa damu 8.9 hutiwa painti mbili akaamka, na yuko tayari kuleta watu wa kanisa lake watoe damu. Daktari amekataa. Amesema hakuna haraka ya damu, akaandika vipimo vya madini ya chuma, kimoja kinaitwa feritini na kingine transferini, turudi na majibu. Shangazi anasema hizo ni njia za kuzungusha maskini.

Kilichonichanganya zaidi ni kaka yangu mdogo, anasoma baiokemia mwaka wa pili. Aliandika kwenye grupu: "Hoja si wingi wa hemoglobini, hoja ni kama inaachia oksijeni. Someni habari za DPG." Halafu akazima simu, eti ana mitihani.

Inaachia nini? DPG ni mdudu gani? Na mbona damu ikipungua ni moyo unaoumia, si ini wala figo? Nataka kuelewa kabla sijabishana na shangazi tena Jumapili.

---

Jontez wa Githurai:

Dadangu achana na hizo DPG. Juisi ya bitiruti asubuhi, mboga ya thafai jioni, na supu ya mifupa. Wiki mbili mzee anarudi Grogan. Cucu, bibi yangu, ilimsaidia.

---

Mstaafu Chiromo:

Binti yangu, pole kwa kuuguza. Mimi si daktari. Nilikuwa fundi sanifu kwenye maabara ya baiokemia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, mpaka nikastaafu, kwa hiyo mambo ya dawa za mzee waachie wenyewe. Lakini hilo la kuachia oksijeni ndilo nililokula nalo ugali miaka yote, na huyo kaka yako amesema kweli, ingawa ametoroka kabla hajamaliza sentensi.

Kila ilipofika zamu ya somo la hemoglobini nilidamka kwenda machinjioni Dagoretti na jagi la plastiki lenye sitreti ndani ili damu isigande njiani. Ile damu ikifika maabara ina rangi ya giza, inaelekea zambarau. Ukiipunguza na maji na kuitikisa kwenye chupa yenye hewa, inang'aa papo hapo. Hapo imebeba oksijeni. Kisha unadondosha chembe chache za sodiamu dithionaiti, unga mweupe unaonuka kiberiti, ambao hula oksijeni yote iliyomo. Rangi inarudi giza ukitazama. Unatikisa tena, inang'aa tena. Ukiiweka mbele ya spektroskopu, kifaa kinachotenganisha rangi za mwanga, yenye oksijeni inaonyesha mistari miwili myeusi kati ya kijani na njano. Ikinyang'anywa oksijeni ile miwili inafifia unabaki mmoja mpana. Hata wale wanafunzi wa kiti cha nyuma, waliokuja kutia sahihi tu na kuondoka, hapo walisogea mbele.

Hilo ndilo somo zima la hemoglobini: kushika na kuachia. Watu wengi hufikiria upande wa kushika peke yake. Molekuli moja ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mnyororo umebeba chembe moja ya chuma pale oksijeni inapokaa. Chembechembe moja nyekundu ya damu ina molekuli kama milioni 270 za namna hiyo. Max Perutz alianza kupiga fuwele zake kwa eksirei huko Cambridge mwaka 1937, na umbo halikutoka mpaka mwisho wa miaka ya hamsini. Akapewa Nobel 1962 pamoja na John Kendrew. Kilichokuja kuonekana ni kwamba molekuli hiyo ina mikao miwili, mmoja wa kukumbatia oksijeni na mmoja wa kuilegeza, na huhama kutoka mkao mmoja hadi mwingine kutegemea iko wapi mwilini. Mdenmark Christian Bohr alikuwa ameshaonyesha mwaka 1904 kwamba kabondayoksaidi ikizidi, damu huachia oksijeni kwa urahisi zaidi. Ni mpango mzuri sana, maana nyama inayofanya kazi ndiyo inayotoa kabondayoksaidi nyingi, kwa hiyo ndiyo inayoachiwa zaidi.

Sasa DPG. Kulikuwa na fumbo la miaka. Ukitoa hemoglobini ndani ya seli yake ukaisafisha vizuri, inakuwa bahili: inashika oksijeni kwa nguvu kuliko ikiwa ndani ya damu nzima. Mwaka 1967 mume na mke, Reinhold na Ruth Benesch wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakaonyesha sababu. Ndani ya seli nyekundu kuna kitu kidogo cha fosfeti, 2,3-difosfogliseriti, ndiyo hiyo DPG. Kilijulikana kipo, tena kwa wingi, karibu molekuli moja kwa kila hemoglobini moja, ila kazi yake haikueleweka. Akina Benesch walipoichanganya na hemoglobini safi, ile hemoglobini ikalegea. DPG huingia kwenye nafasi iliyo katikati ya ile minyororo miwili ya beta na kuubana ule mkao wa kuachia. Ukiitoa, hemoglobini inajaa oksijeni mapafuni lakini ikifika kwenye nyama haitoi kitu cha maana. Mkokoteni umejaa mitungi ya maji, umepita mtaa wote wa Umoja siku bomba ni kavu, na mwenyewe hashushi mtungi hata mmoja.

Kwa nini moyo ndio unaumia? Hapa nakuomba usome polepole. Viungo vingi vikipitiwa na damu huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo. Ukijumlisha mwili mzima uliotulia ni kama robo. Misuli ya moyo yenyewe, hata ukiwa umekaa kwenye kiti, tayari huchukua karibu asilimia 70 ya kinachopita. Haina akiba. Mguu ukihitaji oksijeni zaidi unaweza kukamua zaidi kutoka kwenye damu ileile. Moyo ukihitaji zaidi hauna cha kukamua, ni lazima uletewe damu nyingi zaidi. Sasa damu ikiwa nyepesi, mwili wote unaudai moyo usukume kwa kasi kufidia upungufu, na kusukuma kwenyewe ni kazi inayotaka oksijeni. Moyo mzima hustahimili. Moyo wa asilimia 30 unadaiwa na kila mtu na hauna kitu mfukoni.

Cha kutia moyo ni kwamba mtu mwenye upungufu wa damu wa muda mrefu, au moyo dhaifu, seli zake hujiongezea DPG zenyewe. Yaani mzee wako ana hemoglobini chache, lakini hizo chache zimejifunza kuachia zaidi. Ndiyo maana mtu wa 8.9 iliyoshuka polepole anaweza kukaa anaongea nawe, na mtu aliyeshuka hadi 8.9 kwa ajali ya barabarani usiku mmoja yuko hoi.

---

Sista wa Wodi ya Pili:

Mwalimu ameeleza vizuri, acha niingie upande wa kitandani. Mimi ni muuguzi, nimekaa na wagonjwa wa moyo muda mrefu.

BintiUmoja, daktari hamzungushi baba. Painti moja ya damu ni maji mengi kuingia kwenye mshipa. Kwa mama aliyetoka kujifungua na kupoteza damu, mishipa ina nafasi. Kwa mgonjwa ambaye tunahangaika kila siku kumtoa maji kwa vidonge, hiyo painti inaweza kwenda moja kwa moja mapafuni. Nimeona mgonjwa akianza kukohoa mapovu kabla mfuko haujafika nusu. Ikilazimika tunampa, ila moja, polepole, tena mara nyingi na sindano ya kumtoa maji, na tunakaa naye.

Pili, hiyo 8.9 yenyewe ina hila. Mwili wa mgonjwa wa moyo ukijaa maji, damu inazimuliwa. Seli zinaweza kuwa zilezile lakini kipimo kinasoma chini. Ukimtoa maji namba inapanda bila kumtia chochote. Sisemi ndiyo hali ya baba, nasema daktari anaifikiria hiyo kabla ya kuita damu.

Tatu, kuipandisha namba kwa nguvu kulishajaribiwa. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2013, unaitwa RED-HF, wagonjwa 2,278 wa moyo dhaifu wenye upungufu wa damu. Walidungwa dawa inayouamsha uboho kutengeneza damu. HB ilipanda kweli. Vifo havikupungua, kulazwa hakukupungua, na kuganda kwa damu kwenye mishipa kukaongezeka. Lakini ule wa kuwapa madini ya chuma kwa mshipa, FAIR-HF wa 2009, watu 459, wengi walijisikia nafuu na kutembea mbali zaidi, hata wale ambao HB yao ilikuwa sawa. Maana yake chuma hakifanyi kazi kwenye damu tu. Misuli yenyewe inakihitaji kutengeneza nguvu, na moyo ni msuli. Ndiyo sababu anataka feritini. Kwa wagonjwa wa moyo tunahesabu chuma kimepungua feritini ikiwa chini ya 100, au ikiwa kati ya 100 na 299 huku ile ya transferini (sehemu yake iliyobeba chuma) iko chini ya asilimia 20. Kwa mtu mzima wa kawaida kipimo ni cha chini zaidi, kwa hiyo usishangae maabara wakiandika "sawa" na daktari akasema si sawa.

Na Jontez, thafai ni mboga nzuri, sikukatazi. Ila mgonjwa wa moyo utumbo wake umevimba na ini lake linatoa kitu kinaitwa hepsidini ambacho hufunga mlango wa chuma. Hata vidonge vya chuma vilijaribiwa kwa wagonjwa hawa, matokeo yakatoka 2017, havikuwasaidia kutembea vizuri zaidi. Bitiruti itapita tu. Na hiyo chai ya maziwa anayokunywa juu ya chakula, msogezee iwe saa moja au mbili baada ya kula, kwa sababu majani ya chai hushika chuma cha mboga kisiingie.

Swali langu kwako: mzee anatumia dawa yoyote ya maumivu? Mafundi wa bodi magoti na mgongo huwa havina salama. Angalia vizuri, usimuulize tu.

---

BintiUmoja:

Sista, nimeenda nikapekua. Kwenye mfuko wa ovaroli lake la kazi, lile ambalo amekataa tulifue, kuna karatasi za vidonge vya diklofenaki, nyingine tupu nyingine nusu. Anasema ni za magoti, ananunua duka la dawa karibu na gereji, na hakuona haja ya kuzitaja kwa daktari "kwa sababu si za moyo."

Mwalimu, asante sana. Nimesoma mara mbili, na nimemsomea baba ile ya maji ya Umoja akacheka mpaka akakohoa. Ana maswali yake. La kwanza: Nairobi tuko juu, je, tumpeleke Mombasa kwa dada yangu apate hewa nzito? La pili: hii baridi ya Julai tunaweka jiko la makaa ndani jioni, na ameanza kulalamika kifua kinabana akikaa karibu nalo. Kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma 94, kwa hiyo nilidhani ni baridi tu.

---

Sista wa Wodi ya Pili:

Hiyo diklofenaki aiache leo, na upige simu kliniki leo, usingoje tarehe. Inashika maji mwilini, inaumiza figo, na inakwangua tumbo. Mtu anaweza kuvuja damu kidogo kidogo tumboni miezi na asione kitu zaidi ya choo cheusi. Muulize kuhusu choo. Najua ni vigumu kumuuliza baba yako, mtume kaka yako akimaliza mitihani, au muulize wewe bila kumtazama.

---

Mstaafu Chiromo:

Jiko kwanza, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Litoe nje, binti yangu. Liwashwe nje na lipikie nje.

Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na hemoglobini inaipenda zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Inakalia kiti cha oksijeni, hiyo kila mtu anajua. Lisilojulikana sana ni kwamba ikikalia kiti kimoja kati ya vile vinne, vitatu vilivyobaki vinaikaza oksijeni yake visiiachie. Kwa hiyo unapata hasara mara mbili: kilichobebwa kimepungua, na kilichobebwa hakishuki. Ukikumbuka kwamba moyo hauna akiba, utaona ni nani analipa. Marekani mwaka 1989 walitoa matokeo ya wanaume 63 wenye mishipa ya moyo iliyoziba, wakawavutisha kaboni monoksidi kidogo tu mpaka ikafika asilimia 2 hadi 4 ya hemoglobini yao, wakawatembeza kwenye mashine. Hata kwa kiasi hicho maumivu ya kifua yalikuja mapema zaidi. Chumba kilichofungwa chenye jiko kinaweza kupita hapo kwa mbali.

Na hicho kidude cha kidoleni kinakudanganya kwa hili. Kinatazama rangi. Hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksidi ni nyekundu ya kung'aa, hivyo kidude kinaihesabu kama imebeba oksijeni. Mtu anaweza kuwa anazimia na kinasoma 98. Mimi nimewahi kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo kwenye spektroskopu: ukipitisha gesi hiyo kwenye damu, mistari miwili inabaki miwili hata ukitia dithionaiti. Haiachii.

Kuhusu Mombasa. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na mkandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Hiyo 94 yake kwa mji huu si mbaya. Mtu aliyekaa juu mwili wake umezoea, DPG ikiwa mojawapo ya njia zake. Anayepanda kutoka pwani huanza kuiongeza ndani ya siku moja mbili. Kwamba atapona kwa kushuka Mombasa, hapana, na joto la huko na safari ndefu ya basi miguu ikining'inia ni mambo ya kumuuliza daktari. Asiende kwa sababu yangu.

---

Kemia ni Maisha:

Mstaafu, nakuheshimu, lakini kuna tundu. Umejenga hoja kwamba DPG ndiyo kila kitu. Damu ya benki ikikaa kwenye friji DPG yake huisha karibu yote ndani ya wiki mbili hivi. Kwa mantiki yako basi kumtia mgonjwa wa moyo damu ya zamani ni kumtia damu bahili. Hilo lilipimwa. Utafiti wa RECESS, 2015, wagonjwa 1,098 wa upasuaji wa moyo, wengine walitiwa damu ya siku 10 au chini, wengine ya siku 21 na zaidi. Hakukuwa na tofauti. Nadharia nzuri, mgonjwa hakuisikia.

Na pia mbona habari zote ni za Cambridge na New York? Hapa kwetu hakuna aliyegusa hemoglobini?

---

Mstaafu Chiromo:

Hoja ya RECESS naikubali na nilikuwa naitarajia. Ila soma vizuri nilichosema: DPG inaeleza kwa nini hemoglobini huachia. Sikusema damu ya benki ni mbovu. Seli ikitiwa mwilini huanza kutengeneza DPG upya, na ndani ya siku moja hadi tatu imerudi. Mwili unarekebisha. Kinachonifundisha hapo ni kwamba huwezi kuruka kutoka chupa ya maabara hadi kitandani kwa mguu mmoja, na ndivyo ilivyotokea upande wa pili pia. Wahandisi wa damu bandia walifikiri hivi: hemoglobini ndiyo mbebaji, basi tuitoe ndani ya seli, tuifunge kwa kemikali isivunjike, tuitie kwa mshipa, hatutahitaji kundi la damu wala friji. Afrika Kusini iliruhusu mojawapo mwaka 2001, ya damu ya ng'ombe. Kisha 2008 wakajumlisha majaribio 16 ya dawa tano za aina hiyo, watu 3,711, wakakuta hatari ya mshtuko wa moyo imekuwa karibu mara 2.7. Hemoglobini iliyo nje ya seli hula nitriki oksaidi, ile inayoilegeza mishipa, na mishipa ikibana moyo unaminywa. Kwa hiyo hata ngozi ya seli ina kazi yake. Mtu wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao hemoglobini yenye kasoro huipinda seli kama mundu, anaijua hali hiyo bila kusoma, maana seli zake hupasuka kila siku na hemoglobini humwagika ndani ya mishipa, na baada ya miaka upande wa kulia wa moyo huanza kulalamika.

Kuhusu kwetu, umenigusa. Anthony Allison alikulia Gilgil. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa Oxford, akapima damu za watu sehemu mbalimbali za Kenya, akakuta vinasaba vya selimundu ni vingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni vichache kwenye nyanda za juu kavu. Akaona malaria ndiyo inayochora hiyo ramani. Baadaye alichukua Wajaluo 30 waliojitolea hapa Nairobi, 15 wenye hali ya kubeba kinasaba kimoja cha selimundu na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria. Wasio nayo 14 walionekana na vimelea, wenye nayo wawili tu. Akachapisha 1954. Leo kamati ya maadili isingemruhusu hata kufungua begi, na mimi ningekuwa upande wa kamati. Lakini huwezi kufundisha hemoglobini popote duniani bila kupita Nairobi na Kisumu, hata kama vitabu haviandiki hivyo kwenye jalada.

---

Jontez wa Githurai:

Kumbe. Mimi nilidhani ni bitiruti tu. Endeleeni, nimekaa.

---

BintiUmoja:

Nimerudi na majibu. Feritini 41, transferini asilimia 11. Daktari amesema chuma kimepungua sana na atapewa cha mshipa, dripu ya muda mfupi, na si damu. Aliposikia habari ya diklofenaki alinyamaza kidogo kisha akaandika kamera ya tumbo kabla ya kitu kingine, maana choo kimekuwa cheusi tangu mwaka jana. Baba alidhani ni mboga za managu. Kwa magoti amepewa parasetamo na dawa ya kupaka.

Jiko sasa liko kwenye korido ya nje na mwenye nyumba ameshakuja kulalamika. Kifua hakijabana tena jioni.

Shangazi nilimsomea Jumapili kila kitu. Akauliza swali moja tu: hiyo dripu ya chuma ni ya rangi gani? Nikamwambia ni ya kahawia nzito. Akaridhika, akasema angalau ina rangi. Watu wa kanisa wameambiwa watoe damu hata hivyo, iende benki ya damu, wengine wanahitaji.

Sista, kamera ni Alhamisi saa mbili asubuhi. Asile tangu saa ngapi, na zile dawa za moyo za asubuhi anywe au aache?

---

Sista wa Wodi ya Pili:

Chakula aache tangu Jumatano usiku, saa nne isipite, na asubuhi asile chochote hata chai. Kuhusu dawa za moyo siwezi kukujibu hapa, nyingine huendelea na funda dogo la maji na nyingine husimamishwa. Piga simu kliniki kesho ukiwa na kile kitabu chako mkononi, wasomee moja moja. Kama anatumia aspirini au dawa ya kulainisha damu, hiyo itaje ya kwanza. Na uende naye wewe mwenyewe, kwa sababu wakimtia dawa ya usingizi hawatamruhusu kuondoka peke yake.